Kila Kinyago na Chapa Yake

Jumapili, 27 Juni 1971

Nimeupata. Safari hii nimeupata kweli.

Mwahija alinunua dagaa sokoni, wamefungwa kwenye gazeti la zamani. Mke wangu ananijua, mimi siwezi kuacha gazeti lipite bila kusomwa, hata likinuka. Nikawamwaga dagaa kwenye ungo nikasoma. Kona ya chini, karibu na tangazo la betri: huko Ufaransa mchoraji akiuza picha yake, na aliyeinunua akaja akaiuza tena, mchoraji anapata fungu. Ikiuzwa mara ya tatu, fungu tena. Yeye amekaa nyumbani kwake anakunywa chai, fungu linakuja lenyewe.

Nikaifikiria Shinyanga yetu. Vigoda, mabao, ngoma, vinyago vya wacheza ngoma. Mchongaji anauza mara moja, kwa bei ya kunywea pombe jioni moja. Halafu kitu kinatembea mkono kwa mkono, kila mkono unafaidi, na aliyechonga anabaki na malengelenge. Dhuluma kubwa. Nina miaka arobaini na moja na sikuwahi kuiona, maana nilikuwa nashughulika na kuku.

Kwa hiyo ofisi. Ofisi ya Kuandikisha Kazi za Sanaa, Ngokolo. Mkurugenzi: Zamoyoni, yaani mimi. Kila kazi itiwe alama. Kila ikiuzwa tena, msanii apate fungu lake. Na ofisi ipate fungu dogo la lile fungu, kwa ajili ya usumbufu.

Nilimweleza Mwahija akiwa jikoni. Akauliza kama mpango huu nao unatumia mafuta ya taa. Bado ana kinyongo na yale mayai niliyotaka kuyaangua kwa chemli. Nyumba haikuungua yote! Nikamwambia huu ni mpango wa haki, hauna moto. Akasema vizuri, basi nile dagaa kabla hawajapoa.

Jumatatu, 28 Juni 1971

Mwahija ameondoka na treni kwenda Mwanza na akina mama wawili wa UWT. Wanafuata kitambaa cha kijani. Atashona sare zao zote za Saba Saba kwa cherehani yake ile ya kukanyaga. Ndiyo kazi kubwa aliyoipata tangu aanze kushona, na anaisema hata usingizini. Amenikabidhi nyumba. Aliniangalia sana kabla ya kutoka.

Mimi baiskeli, mpaka kwa mzee Mabula, mchongaji, nje ya mji. Shikamoo yangu aliipokea, kisha akaniuliza kama siku hizi Wazigua wanaamka mapema kwa sababu kwao chakula kimekwisha. Marehemu baba yangu alikuwa Mzigua, amekuja huku na reli, basi kila Msukuma ni mtani wangu na hakuna mahali pa kushtaki. Nikacheka kwa heshima.

Mabula ana simulizi moja tu, na ni hiyo niliyoihitaji. Miaka iliyopita alichonga kinyago cha mwanamke, kirefu kama msichana wa miaka kumi, mikono inachezeshwa kwa kamba. Alimwita Kalunde. Alimpaka samli kila masika mpaka akang'aa. Mwaka wa njaa akamuuza kwa mbuzi mmoja. Mbuzi akaliwa msibani siku mbili baadaye. Kalunde akauzwa, akauzwa tena, na sasa amesimama dirishani katika duka la Theonest pale mjini, kati ya saa za ukutani na redio. Mabula akija mjini kununua chumvi hupita kwanza pale dirishani kumwamkia. Hilo alilisema bila aibu. Mimi ndiye niliyeangalia pembeni.

Nikamweleza habari ya Ufaransa. Nilijiandaa kueleza mpaka adhuhuri. Hakuhitaji. Akasema: "Ni kama ng'ombe wa kutunziwa." Hapa ukimpa mtu ng'ombe amchunge, ng'ombe analala kwake, lakini akizaa, ndama ni wako. Akashangaa kwamba Wafaransa nao wamelijua hilo. Kisha akauliza habari ya maziwa. Nikasema maziwa ni ya mwenye kutunza. Akaridhika. Mkataba wa kwanza wa ofisi umekamilika, na mwenzangu ameuelewa kuliko mimi.

Jumanne, 29 Juni 1971

Suala la alama. Nilifikiria karatasi. Karatasi inaliwa na mchwa. Nilifikiria rangi. Rangi inabanduka, na mimi na rangi tulikwishagombana wakati wa mpango wa mabango. Nikiwa nanyoa ndevu nikapata jibu. Ng'ombe wa huku anajulikanaje ni wa nani? Kwa chapa ya moto! Haifutiki, haibanduki, haighushiwi. Kila kinyago na chapa yake. Ajabu kwamba Wafaransa hawajaliona hilo.

Nikaenda kwa mzee Kasanda, mhunzi, Mrongo wa kule Geita ambako watu wamefua chuma tangu zamani. Chuma kipya kilikuwa ghali kwa ofisi changa. Akatafutatafuta nyuma ya mivukuto akaniletea kimoja kilicho tayari. Chapa yenyewe duara, na mkia chini yake. Nikaigeuza hivi, nikaigeuza vile, nikaona kichwa na shingo ya kinyago. Kama iliyotengenezwa kwa ajili yangu. Nikauliza mbona rahisi hivyo. Kasanda akasema kimekaa sana, kinamchukulia nafasi. Sikuuliza lingine. Mkurugenzi hapaswi kuonekana mwenye kusitasita.

Jumatano, 30 Juni 1971

Kwa Theonest. Tulisoma pamoja shule ya kati. Yeye alikuwa wa kwanza darasani, na mimi vilevile, ukianza kuhesabu kutoka chini. Tangu hapo ananiita "mwanafunzi mwenzangu" mbele ya wateja, na wateja wanacheka, sijui kwa nini.

Nilitegemea atanifukuza. Hakunifukuza! Kumbe kuna tajiri mmoja wa dhahabu, amejenga nyumba mpya Kalangalala kule Geita, atakuja Saba Saba kumtazama Kalunde. Anataka kitu cha kusimamisha barazani. Theonest akapiga hesabu machoni, niliiona ikipita. Kinyago chenye alama ya ofisi kina heshima kuliko kinyago kitupu. Akakubali chapa ipigwe. Akakubali hata fungu la Mabula, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba ahadi haina uzito mpaka isukumwe.

Ila akataka dhamana. Akasema chuma cha moto na mti wa thamani si mchezo. Kikiharibika kitu, nani atalipa? Nilitaja jina langu zuri. Akaomba kitu kingine.

Ndani ya nyumba yangu kuna kitanda, kabati lisilofunga, na cherehani.

Siku mbili tu. Mwahija anarudi kesho jioni. Ningepiga chapa kesho asubuhi, nikairudisha mchana, yeye anakuta cherehani inamsubiri, hata vumbi nimeifuta. Niliibeba kwa mkokoteni wa kukodi, nimeifunika shuka kama maiti. Jirani mmoja alinipa pole.

Alhamisi, 1 Julai 1971

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi niliwasha jiko la mkaa uani kwa Theonest. Chuma kikawa chekundu vizuri. Kalunde tulimlaza juu ya gunia. Niliamua chapa ikae kisogoni, kwa adabu, isimharibu uso. Bernadina, mke wa Theonest, alitoka na chai yake kutazama. Nikasema bismillahi nikagandamiza.

Nilisahau samli. Miaka ile yote ya samli! Kisogo kilichemka, kikatoa moshi, kisha kikawaka moto kama utambi. Theonest akanishika shati badala ya kushika maji. Bernadina ndiye aliyemwagia chai. Chai ya maziwa, yenye tangawizi. Harufu ikawa ya nyama choma, na watu wawili waliokuwa wakipita barabarani walisimama kuuliza mshikaki bei gani.

Moto ulipozimika, chapa ilikuwa imekaa. Safi, nyeusi, duara na mkia wake. Lakini kuzunguka chapa kisogo chote kilikuwa cheusi. Theonest alimzungusha Kalunde, akamrudisha dirishani, mgongo ukutani, na kusema tajiri akimnunua bila kumgeuza, sawa. Akimgeuza, basi cherehani ni yake yeye Theonest. Mpaka Saba Saba haiondoki pale.

Jioni Mwahija akashuka treni na marobota ya kijani. Ana furaha, ameniletea hata sato wa kukaanga. Akaingia ndani. Akatoka. Akauliza cherehani iko wapi. Nikasema nimeipeleka kwa fundi kutiwa mafuta, nilitaka akute inateleza. Akasema sijawahi kumfanyia jambo zuri namna hiyo. Akanipa kipande cha mgongo wa samaki, chenye nyama.

Nilikila. Nilijisikia mshenzi, lakini nilikila.

Jumamosi, 3 Julai 1971

Mwahija anakata kitambaa kwa mkasi sakafuni, anashikiza kwa mkono, anauliza fundi gani huyo. Nimetaja fundi aliye Ushirombo. Akauliza kwa nini cherehani isafiri kote huko kwenda kutiwa mafuta, na Ngokolo kuna mafundi wawili. Nikakumbuka nina kazi nje.

Kazi kweli ipo. Jana nilipiga chapa vigoda vitatu vya Mabula, bila ajali, maana vigoda havipakwi samli. Nikajaribu na chungu cha Mama Eufrasia, mfinyanzi jirani yake. Kikapasuka mara mbili: upande wa chapa, na upande wa pili kwa hasira, nadhani. Nimeamua vyungu havitaandikishwa kwa sasa.

Leo nimekuta kijijini hali imebadilika. Jana jioni palikuwa na pombe kwa Mabula. Akaja Mageni, yule mwenye ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote upande ule, ambaye pia ndiye anayewalisha wacheza ngoma wa Bagalu wakati wa mashindano. Mtu mzito, mpole, hapazi sauti. Akapewa kigoda akakaa. Alipoinuka kwenda haja akakipiga teke kikageuka. Akaiona chapa.

Duara lenye mkia ni chapa ya Mageni. Ni chapa ya baba yake Mageni. Iko kwenye paja la kila ng'ombe wake kuanzia hapa mpaka mbuga za kusini.

Mabula alinisimulia haya huku anachonga, bila kuacha. Akasema Mageni hakukasirika. Aliinua kigoda akasema "wabeja," yaani ahsante, akaondoka nacho. Akachukua na vile viwili. Akauliza kama kuna vingine. Na Mabula, mtu mkweli, akamwambia yupo pia Kalunde, dukani kwa Theonest.

Nimerudi Ngokolo nikisukuma baiskeli. Pancha ilikuwepo, lakini hata bila pancha ningesukuma.

Jumapili, 4 Julai 1971

Baraza kwa mzee Shaaban, balozi wa nyumba kumi wa mtaa wa Theonest. Mageni amefika na wazee wanne wenye fimbo. Theonest amefika na Kalunde begani. Mabula amefika kumwona Kalunde. Mimi nimefika kwa sababu nimetumiwa mtu.

Mageni alisema maneno machache. Chapa ni yake. Mnyama mwenye chapa yake akionekana kwa mtu mwingine, mtu huyo huulizwa. Yeye anauliza.

Theonest akainuka haraka akasema chapa ile haikuwepo Jumatano, aliyeipiga ni mimi, ana shahidi na ana chai iliyopotea. Watu wakanigeukia. Mzee Shaaban akaniuliza: "Baba Zuwena, ni wewe uliyepiga?"

Sasa hapa ndipo akili ilinijia, imechelewa. Kupiga chapa ya mtu mwingine kwenye kitu kisicho chake, katika nchi hii ya ng'ombe, kuna jina moja tu. Ni kazi ya wezi. Na mwaka jana Mageni alipotelewa na ng'ombe, kila mtu anajua. Wale wazee wanne waliacha kuegemea fimbo zao wakazishika. Nikieleza kwamba sikupiga, mimi ni mwongo. Nikieleza kwamba nilipiga, mimi ni mwizi wa mifugo. Nilianza na Ufaransa.

Nilieleza kwa ufasaha, nadhani. Nilieleza dhuluma ya wachongaji, nilieleza fungu, nilifika mpaka dagaa. Nilipomaliza, mzee mmoja akauliza kwa Kisukuma kama Ufaransa ni jina la mnada. Nikataja Kasanda. Akaitwa, akaja na vumbi la mkaa. Akasema kweli, chuma alikiuza yeye. Mageni alikileta kiangazi cha mwaka juzi kinyooshwe mpini, hakurudi kukichukua, naye Kasanda akadhani amekisamehe. Mageni akafikiri, akasema kweli, alisahau. Anavyo viwili vingine.

Basi mimi si mwizi. Mzee Shaaban alisema mbele ya watu wote kwamba sikuwa mwizi bali mjinga, na akashukuru Mungu, ingawa alisema baraza lake halijui lipi linasumbua zaidi.

Lakini Kalunde ni wa nani? Theonest akasema ni wake, alimnunua. Mageni akasema hamkatalii, ila chapa haiondoki mpaka mnyama achunwe ngozi, na mti hauchunwi. Kalunde akikaa dukani, kila apitaye atauliza kwa nini mali ya Mageni inauzwa na Theonest. Akiuzwa Geita, watu wa Geita watasema Mageni amefilisika anauza vya ndani. Wazee wakatikisa vichwa. Walilielewa upesi. Hata mimi nililielewa, Mungu anisamehe. Mageni akatoa fidia: mbuzi mmoja, dume, mnono.

Mbuzi mmoja. Bei ileile ya mwaka wa njaa.

Hapo Mabula akanyoosha mkono. Akasema kwa upole kwamba, kama alivyoelezwa na Mzigua huyu, Kalunde ameuzwa tena leo hapa mbele ya watu, na yeye ndiye aliyemzaa. Fungu lake liko wapi? Nilidhani watamcheka. Hakuna aliyecheka. Mageni akasema ni haki, ng'ombe akitoka mkono mmoja kwenda mwingine mwenye asili yake husikilizwa. Mzee Shaaban akaamua: mguu wa mbuzi. Mbuzi akachinjwa palepale chini ya ukuta, Mabula akapewa mguu wa nyuma mzima. Kwa ninavyojua, hili ni fungu la kwanza la msanii kulipwa Shinyanga.

Nikakumbusha kuhusu fungu la ofisi, fungu la fungu. Mzee Shaaban akauangalia ule mguu, akakata kwato, akanipa.

Mbuzi hakufidia duka, kwa hiyo Theonest akasimama akasema dhamana anaishika, cherehani ya Mama Zuwena haitoki. Alisema hivyohivyo, kwa sauti, "cherehani ya Mama Zuwena". Nikageuka. Mwahija alikuwa amesimama nyuma na akina mama wa UWT, tape ya kupimia shingoni. Sijui amesimama tangu lini. Alinitazama kama mtu anayesoma kitu alichokwisha kukisoma, kisha akafunga khanga vizuri akaondoka.

Nilirudi nyumbani na kwato.

Jumatatu, 5 Julai 1971

Niliamka nikiwa peke yangu. Marobota ya kijani hayapo. Nikadhani ameenda Tabora kwa binti yetu Zuwena, kama anavyotishia kila mpango wangu unapokwisha. Nilikimbia stesheni na kandambili. Treni ya Tabora ilikuwa haijafika, na Mwahija hayupo. Nilirudi kwa kupitia kwa Theonest, nione kama angalau naweza kumsihi.

Nilisikia kabla sijaona. Ile kelele ya kukanyaga, tika-tika-tika. Mwahija amekaa barazani kwa Theonest, mbele ya cherehani yake, anashona. Kumbe alifika alfajiri, akamwamkia Bernadina, akamwambia cherehani imezuiwa isitoke, hakuna aliyesema isikanyagwe. Bernadina akamtolea kiti. Akina mama wa UWT wamejaa pale, wanapimwa, wanasubiri, wanacheka. Theonest amebanwa ndani ya duka lake hawezi kutoka bila kuomba njia. Alipojaribu kuteta, Bernadina alimuuliza ni lini mara ya mwisho aliona watu wengi hivi barazani kwake. Na kweli, wakisubiri wananunua sindano, soda, hata betri.

Nilimsogelea. Nikasema pole. Nilitaka kusema mengi, nilikuwa nimeyapanga toka stesheni. Mwahija akang'ata uzi, akaniambia nimsogezee mkasi. Nikausogeza. Akasema ahsante, kwa heshima kabisa, kama unavyomwambia mpita njia.

Jioni alirudi akapika. Amelala. Nyumba kimya. Sikuwahi kujua kwamba ile kelele ya cherehani ndiyo iliyokuwa ikinipa usingizi. Inaniuma, na sina wa kumlaumu, nimemtafuta.

Jumatano, 7 Julai 1971

Saba Saba. Uwanja umejaa. Akina mama wamepita na sare za kijani, zote zimekamilika, hakuna hata moja iliyopinda. Watu walipiga makofi. Nilipiga zaidi yao, mpaka mtu wa mbele akaniomba niyahurumie masikio yake.

Mchana mashindano ya ngoma. Bagika, wapinzani wa Bagalu, walileta fisi aliyefunzwa kukaa. Halafu Bagalu wakatoka na Kalunde. Mageni alikuwa amemtafutia shanga za kiuno. Mabula mwenyewe alivuta kamba. Mikono ikapanda, ikashuka, ikawaita watu, na uwanja mzima ukahama upande wa Bagika ukaja kwetu. Fisi alibaki na mwenyewe. Na kila Kalunde alipozunguka, kile kisogo cheusi kikaonekana, na watu wakasema tazama, wamemsuka. Nilijaribu kuwaeleza walio karibu nami kwamba nywele zile ni kazi yangu. Hawakujali.

Bagalu wakashinda dume la ng'ombe. Mageni akasimama akasema, kwa kuwa kitu kilichozaa zawadi hii kilizaliwa na Mabula, yeye atampa mtamba kutoka zizini kwake. Mabula alilia. Mzee mzima! Na mimi nililia kidogo, nilisingizia vumbi.

Tajiri wa Kalangalala alikuja, akasikia Kalunde hauzwi, akanunua saa ya ukutani.

Nilimfuata Mabula kumpa hongera, na kumkumbusha ofisi. Fungu la fungu la mtamba. Aliwaza kwa haki, simlaumu. Akasema siku mtamba akizaa, niende nikanywe maziwa, nikae mpaka nishibe. Akaongeza kwamba Mzigua hashibi, lakini atajitahidi.

Ijumaa, 9 Julai 1971

Leo Theonest alikuja mwenyewe kwangu. Anasema nimchukue mke wangu na cherehani yake, dhamana amesamehe, hata mkokoteni atalipa yeye. Anasema hawezi tena kusikia redio zake mwenyewe. Nilifurahi mno, nikaenda mbio kumwambia Mwahija.

Mwahija akasema hahami. Bernadina amempa baraza lile bure, kwa makubaliano yao wawili. Tayari ana sare za wanafunzi, ana magauni ya arusi ya Mama Esta. Cherehani inabaki pale ambako mimi siwezi kuibeba. Alilisema bila hasira, anapima bega la mteja, tena anatabasamu. Ni zile tabasamu zinazoumiza. Nikamwambia nyumba imekuwa kimya. Akasema anajua. Akasema jioni atarudi kama kawaida, nisikaange chochote.

Nilikaa barazani pale muda mrefu nikimtazama akishona. Anashona vizuri, huyu mke wangu. Sijui kwa nini sikuwahi kukaa kumtazama. Kola inakaa yenyewe. Kila gauni linatoka lina maisha yake. Nilijisikia mwenye bahati, na mwenye aibu, vyote pamoja, na nilikuwa karibu kabisa kuapa kwamba sitabuni kitu tena.

Halafu akapita mwanamke mmoja, amevaa gauni ambalo Mwahija alilishona mwaka juzi kwa mtu mwingine. Nikamuuliza. Akasema amelinunua kwa yule wa kwanza.

Limeuzwa tena! Na Mwahija hakupata hata senti. Mke wangu mwenyewe, anadhulumiwa mchana kweupe mbele ya macho yangu, na mimi nimekuwa nikihangaika na vigoda. Magauni mangapi yanatembea Shinyanga hii? Yote kazi ya mikono yake, yote hayana alama.

Nimetoka moja kwa moja mpaka kwa Kasanda. Safari hii nimeuliza kwanza chuma ni cha nani. Watu wanadhani mimi sijifunzi. Anaweza kunifulia kipya, kidogo, cha kuwekwa ndani ya kola, moto wa kiasi tu kwa sababu kitambaa ni laini. Ila Kasanda naye siku hizi amekuwa mgumu, anataka dhamana.

Nimerudi nyumbani nikaangalia ndani. Kabati halifungi, hatalikubali. Kitanda ni kizuri, cha mninga. Mwahija harudi mpaka saa kumi na mbili.